Sahani ya Pili ya Shaame

Palikuwa na tajiri mmoja, jina lake Feruzi, mwenye supamaketi kubwa kuliko soko la mji wake. Ndani mlikuwa na kaunta tano za malipo na makeshia watano. Siku moja akawakuta makeshia wawili wamekaa wanapiga miayo, na roho ikamuuma. Akawaachisha kazi watatu, akatundika kengele, akatoa amri: foleni ikirefuka kengele ilie, na ikilia, kila mfanyakazi aache alichoshika, akimbilie kaunta. Kisha akaongeza amri ya pili, nayo ndiyo iliyoleta maneno. Idara ya mtu ikiharibika yeye akiwa kaunta, mwenye idara ndiye mwenye kosa.

Basi watu wakawa mbio kutwa. Machano wa buchani alifika kaunta na kisu mkononi, wateja wakalipa upesi bila kuulizia chenji. Bi Mwatumu wa mbogamboga, aliyezoea kunyunyizia maji kila kilicho mbele yake kisinyauke, akainyunyizia mashine ya risiti. Ikazima palepale.

Lakini kituko chenyewe kilikuwa Shaame, fundi wa mikate. Miaka kumi na tano alikuwa mbele ya tanuri, na hakuamini mkate mpaka augeuze, augonge chini kwa kidole, asikilize kama umeiva. Akaenda kaunta na mazoea yake. Akaigeuza sabuni, akaigonga. Akaligonga kopo la maziwa. Akaligonga tikitimaji, na hapo angalau mteja alimshukuru. Foleni ikafika mlangoni. Mama mmoja akamwuliza kama atamaliza leo.

"Mama yangu," Shaame akasema, "hesabu yangu inaishia ishirini na nne, idadi ya mikate ya trei moja. Wewe umechukua vitu thelathini. Nivumilie, nimeshavuka trei, sasa natembea gizani."

Msimcheke sana. Hata mimi ninayewasimulia, chenji ya nyanya tu hunitoa jasho.

Sasa Jumanne moja, saa nne asubuhi, kengele ikalia mikate ikiwa tanurini. Shaame akakimbia. Tajiri mwenyewe akaja kusimama nyuma yake kumhimiza. Shaame akaomba ruhusa akatoe mikate, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila mara akaambiwa apunguze kugonga aongeze kasi. Moshi ukafika kabla ya ruhusa. Mikate ya tanuri zima ikawa makaa.

Tajiri akatangaza kwamba Ijumaa, baada ya chakula, Shaame atafukuzwa kazi mbele ya wote, iwe funzo. Shaame akarudi nyumbani mnyonge. Alilipenda lile tanuri, hana ufundi mwingine, na alijua mjini hapo hakuna wa kumwajiri mtu anayepima sabuni kama imeiva. Mkewe akamsihi hiyo Ijumaa aufunge mdomo, aombe radhi tu. Shaame akamwambia mdomo huu haujapata kufungwa ila kwa chakula, na hata hapo hufungwa nusu.

Tajiri Feruzi alikuwa na desturi. Kila Ijumaa baada ya sala aliwapikia wafanyakazi pilau, akaipakua kwa mkono wake mwenyewe, katikati ya duka, wateja wakiangalia. Hakupenda kutoa bila kuonekana. Kila mtu sahani moja. Ijumaa hiyo Shaame akapokea yake, akabaki amesimama, mkono wa pili ameunyoosha.

"Unangoja nini?" Tajiri akauliza.

"Sahani ya pili, Tajiri."

"Ya nani?"

"Ya fundi wa mikate. Hii uliyonipa ni ya Shaame wa kaunta."

Watu wakaanza kucheka chinichini. Tajiri akauweka upawa.

"Wewe na fundi wa mikate si mtu mmoja?"

"Ndivyo nilivyokuwa nikidhani. Lakini amri zako zinataka mmoja awe kaunta na mmoja awe tanurini saa ileile. Nikajua umetuhesabu, ukapata wawili. Mimi hesabu sijui, nimekuamini wewe."

"Uko mmoja tu."

"Nisije nikamdhulumu mwenzangu, Tajiri. Pengine Jumanne tulikuwa wawili."

Tajiri akawageukia wateja, apate mashahidi. "Jumanne nilisimama nyuma yako tangu kengele mpaka moshi. Nilikuona kwa macho yangu. Ulikuwa mmoja, ulikuwa kaunta, na ulikuwa unagonga sabuni."

"Na tanurini?"

"Tanurini hapakuwa na mtu. Sahani ni moja. Kaa ule."

Shaame akashukuru, akakaa, akala mpaka punje ya mwisho. Wanaomjua wanasema ile sahani ya pili aliitaka kweli.

Sahani zilipokusanywa, Tajiri akapanda juu ya kreti la soda, akamwita. Akaeleza mbele ya wote kwamba mtu huyu, akiwa ndiye mwenye tanuri, ameunguza mikate yote, na leo ndio mwisho wake hapa dukani. Akamwuliza kama ana neno.

Shaame akaukumbuka wasia wa mkewe. Akajitahidi. Akashindwa.

"Ninalo, Tajiri. Mimi umeshanitetea mwenyewe, umesema nilikuwa kaunta. Huyo wa tanurini ndiye niliyemwombea pilau, ukasema hayupo. Sasa wakati wa kula hakuwepo. Wa kufukuzwa amefika saa ngapi?"