Jino la Daktari Haiumi

Kuna mikono iliyozoea kuponya wengine, lakini ikitakiwa kumtibu mwenyewe huwa mizito kama nanga. Wahenga walilijua hilo, wakalifunga katika maneno mawili: mganga hajigangi.

Aliyeyathibitisha ni daktari mmoja wa meno ambaye wagonjwa walimwita Haiumi, kwa kuwa ndilo neno alilowaambia wote kabla ya kuwachoma sindano. Yeye mwenyewe hakuwahi kulala kwenye kiti cha wagonjwa. Utotoni aling'olewa jino bila ganzi, wajomba wawili wamemkandamiza mabega, na hofu ya siku ile ilimganda moyoni kama masizi kwenye chungu.

Gego lake la chini lilipoanza kumvuta, alimeza dawa kimyakimya. Mkewe akamwona anatafuna upande mmoja.

"Baba watoto, jino hilo?"

"Fizi tu, mama. Fizi."

Baadaye maumivu yakakatika. Haiumi akashusha pumzi, ingawa alijua kuliko yeyote kwamba jino linalonyamaza ghafla halijapona. Limekufa, na uozo unaendelea kuila mizizi yake chini kwa chini. Angekuwa mgonjwa wake, angemwambia ukweli huo bila kusita. Nafsi yake aliidanganya.

Asubuhi moja aliamka taya limevimba, ngozi imewambika kama ngoma. Akajifungia kliniki na kioo na sindano ya ganzi. Kioo kikamgeuzia kulia kuwa kushoto. Mkono uliosifika kwa utulivu ukakosea njia, sindano ikamchoma ulimi. Alipojaribu kumeza mate, koo likagoma. Hapo woga ukamwingia hadi kwenye mifupa, maana alijua usaha ukishuka shingoni huziba pumzi.

Mkewe, aliyemfuata kwa wasiwasi, akaugonga mlango kwa ngumi.

"Fungua! Twende ng'ambo ya barabara."

"Kwa yule? Heri nife!"

"Basi kufa, lakini ufie mikononi mwa daktari!"

Yule alikuwa daktari wa kike aliyejifunza kazi kwake, kisha akafungua kliniki yake mwenyewe. Tangu hapo Haiumi hakumpa hata salamu.

Haiumi akafungua mlango, wakavuka. Mwanamke huyo alitazama shavu lile, akamwonyesha kiti.

"Karibu, Mwalimu. Lala hapa. Ukiumia, inua mkono."

Haiumi aliwaambia wagonjwa maneno hayohayo, kisha akaendelea kutoboa hata mkono ukipaa. Sasa taa ilimmulika usoni, mashine ikavuma. Mkono ukapaa wenyewe.

Mashine ikazimwa.

"Tupumzike kwanza. Nikuongeze ganzi?"

Akaitikia kwa kichwa, chozi likimtoka kuelekea sikioni. Kila alipoinua mkono, mwanamke yule alisimamisha mashine. Jino likatobolewa, usaha ukabubujika na harufu yake mbaya, na kilichokuwa kimembana taya kikalegea. Mizizi ikasafishwa kwa nyuzi za chuma nyembamba kama nywele, ikatiwa dawa. Aliporudi siku nyingine, uvimbe umekwisha, ikajazwa na kuzibwa.

"Ungechelewa kidogo tu siku ile, Mwalimu, leo tungekuwa tunasema mengine."

"Ahsante, Daktari," alijibu, ulimi mzito kwa ganzi. Hakuwa amewahi kumwita hivyo.

Mkewe akamshika mkono wakavuka barabara. Mikono ile ilikuwa imeyaokoa meno ya watu wasiohesabika, ila jino la mwenyewe liliishinda. Mganga hajigangi.