Bi Fisi Alipolea Siku Saba

Paukwa!

Pakawa!

Hamjajibu, mnatafuna. Paukwa!

Pakawa!

Kuku je?

Wa mzazi!

Paja je?

La mgeni!

Mchuzi je?

Wa mgeni!

Na mzazi je?

Anuse mvuke!

Haya, sasa mmejibu kama watu wenye adabu. Nisogezeeni mto, mkono umekufa ganzi kwa kumbeba huyu. Leo arobaini yangu imetimia, mtoto kanyolewa, mimi nimetolewa nje, na ngano naitoa mimi. Shangazi wa mume wangu, wewe kaa hapo hapo karibu na sufuria. Wala sikusemi wewe. Nasema wanyama.

Basi hapo kale palikuwa na msitu wa wazazi. Kila nyumba ilikuwa na mtoto mchanga. Na katika msitu huo aliishi Bi Fisi, mwenye nguvu, mwenye meno, mlafi wa kupindukia. Kazi yake ilikuwa moja tu, kutembelea wazazi. Akisikia mahali mtoto kalia, huyo! Haji na kuni, haji na maji, haji hata na kipande cha sabuni. Anakuja na tumbo.

"Hodi!" Hajaitikiwa, keshaingia.

"Mzazi, hujambo?"

"Sijambo, Bi Fisi."

"Umechoka?"

"Sijachoka, Bi Fisi. Raha tupu."

"Vyema. Mama wa kweli hachoki. Leta supu."

Fyoo! Fyoo! Kachu! Kachu! Supu ya mzazi imekwisha. Uji wa pilipili manga umekwisha. Chungu kimerambwa mpaka kinang'aa.

Mnaniuliza kwa nini wazazi walisema raha tupu na macho yamewaingia ndani kama visima? Palikuwa na sheria. Bi Fisi aliitangaza mwenyewe: mama atakayesema mbele ya wenzake kwamba amechoka, huyo hana mapenzi, hafai, na mtoto wake achukuliwe akalelewe na mwingine anayejua. Na huyo mwingine alikuwa nani? Bi Fisi. Nani aliipitisha sheria hiyo? Hakuna. Lakini nimeshawaambia kuhusu meno.

Na Bi Fisi mwenyewe alilea lini? Kuzaa alizaa, siwezi kumsingizia. Watoto wakalelewa na dada zake, yeye yuko kwenye harusi na misiba anafuata mifupa. Ndiyo ilivyo. Hakuna ajuaye kulea kama asiyelea.

Mama Kanga ndiye aliyekosea kwanza. Ana vifaranga kumi na wawili, miguu imemvimba, akawaambia wenzake, "Jamani, nimechoka." Mara moja tu alisema. Bi Fisi alikuwa mlangoni. Akabeba kifaranga mmoja, eti anakwenda kumlelea. Kesho yake Mama Kanga akaenda kuuliza habari za mwanawe. Akamkuta Bi Fisi anachokoa meno.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Amelala," akasema Bi Fisi.

Hakurudi hata unyoya. Toka siku hiyo msitu mzima ukawa raha tupu.

Ndipo Mama Digidigi akajifungua. Mnamjua digidigi, yule paa mdogo kuliko paa wote, macho makubwa, mwili wa kubebwa kwa mkono mmoja. Alizaa kitoto chake cha kwanza, nywele tele kichwani. Mumewe akamtazama mtoto, akasema, "Hongera, mke wangu. Nikusaidie nini?" Kabla hajajibiwa, kalala. Tumwache alale. Katika ngano hii hana kazi nyingine.

Mtoto akalia. Ng'ee! Ng'ee! Akinyonya analia, akiacha kunyonya analia. Akibebwa analia, akilazwa ndiyo kabisa. Mama Digidigi chuchu zimepasuka, kanga yake inanuka maziwa yaliyochacha, haja ndogo kaibana tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Siku ya tano alimtazama mtoto akamuuliza, "Hivi wewe ni nani, na utaondoka lini?" Halafu akaona aibu, akalia. Wakalia wote wawili.

Na Bi Fisi kila siku huyo. Hodi! Umechoka? Raha tupu. Leta supu. Fyoo! Fyoo! Kachu! Kachu!

Ikafika siku ya thelathini na tatu, na mzazi hajaonja supu yake hata kijiko. Jirani zake wawili, Mama Kanga na Mama Ngiri, wakaja kumwona. Mama Ngiri akauliza kama watu wanavyouliza, "Vipi ulezi?" Mama Digidigi alikuwa anasinzia kwa kukaa. Ulimi ukamponyoka.

"Nimechoka," akasema. "Wallahi nimechoka, jamani. Kuna saa natamani nimrudishe alikotoka."

Mama Kanga akamziba mdomo kwa bawa. Kachelewa. Mlangoni pameingia giza, na giza lile lina mate.

"Nimesikia," akasema Bi Fisi. "Na mashahidi wako wawili. Lete mtoto."

Usingizi wote ukamtoka Mama Digidigi. Yule yule aliyetaka kumrudisha alikotoka, akamkumbatia mpaka akalia, Ng'ee! Alimpenda mtoto yule, na hakuwahi kumpenda kiasi hicho tangu siku aliyomzaa. Lakini kukimbia hawezi, bado mzazi. Kupigana ndiyo usiseme. Alibaki na akili tu, na hiyo nayo nusu, nusu nyingine imeliwa na kukesha.

Akapiga magoti. "Sheria ni sheria, Bi Fisi. Mchukue. Lakini wewe ndiye mjuzi wa mila, naomba unifundishe. Arobaini yake bado siku saba, na nywele za tumboni anazo kichwani. Je, si ndizo zile zinazokwama kooni?"

"Kooni mwa nani? Nani kasema koo?"

"Sijasema kitu mimi. Nasema ikitokea bahati mbaya tu. Mtoto asiyenyolewa akimponyoka mtu akapita kooni, nywele hunasa, koo likaziba, mtu akafa anajiona. Mama Ngiri, si kweli?"

Mama Ngiri hajasikia jambo hilo tangu azaliwe. "Kweli kabisa," akasema. "Ndivyo alivyokufa mjomba wangu."

Bi Fisi akayameza mate yake, gluk! "Basi nitamlea mpaka siku ya kunyolewa."

"Ndiyo mila yenyewe. Na asikonde, akakutia aibu. Kunyonyesha nitakuja mimi, kisha nirudi zangu. Kuogesha kwako. Kubembeleza kwako. Nepi zako. Na supu utanipikia, maana maziwa hayatoki kwa upepo."

"Na kubembeleza nako ni kazi?" Bi Fisi akacheka, hihihihii! "Mama wa kweli hachoki."

Akambeba mtoto, akaenda zake.

Siku ya kwanza akamlaza. Ng'ee! Akambeba, akanyamaza. Akamlaza. Ng'ee! Akambeba. Mtoto akamcheulia mgongoni, beu! Akamgeuza, akamharia mapajani. Bi Fisi akasema ngoja nitafune mfupa wangu nitulie. Mkono mmoja mtoto, mkono wa pili mfupa. Ng'ee! Mfupa ukaanguka, siafu wakaubeba taratibu mbele ya macho yake, na yeye kasimama anatikisa mtoto.

Siku ya pili akaja Mama Digidigi. Kalala usingizi wa kushiba, kaoga, kajipaka wanja.

"Hodi! Mzazi, hujambo?"

"Sijambo."

"Umechoka?"

Bi Fisi akaikumbuka sheria yake. "Sijachoka. Raha tupu."

"Vyema. Mama wa kweli hachoki. Leta supu."

Fyoo! Fyoo! Kachu! Kachu! Akanyonyesha, akafuta mdomo, huyo karudi kulala.

Siku ya tatu akaja na Mama Ngiri. "Mbona mtoto hana kofia?" Siku ya nne akaja na Mama Kanga. "Mbona umemvika kofia kwenye joto hili?" Siku ya tano wote watatu, wamekaa mkekani, wanakunywa supu, wanatazama. "Mbona unamtikisa hivyo? Sisi wenzio tulilea bila kutikisa." Mnaijua sauti hiyo, eh? Hata mimi naijua. Shangazi, ongeza mchuzi.

Kwa nini Bi Fisi hakumtupa kichakani akapumzika? Ulafi, jamani. Mtoto alikuwa ananenepa. Kila akitaka kumtupa alimpapasa paja, paja limejaa, akasema moyoni, bado siku tatu. Bado mbili. Siku ya sita alinawa uso kwa uji, akakoroga sufuria kwa mswaki.

Ikafika siku ya saba. Arobaini. Wazazi wote wa msitu wakakusanyika uani kwa Bi Fisi, na wembe umewekwa kwenye sahani nyeupe. Mama Digidigi kajipamba, lakini macho hayabanduki kwenye ile sahani. Alijua wembe ule ukimaliza kazi, mwanawe hana tena cha kumlinda.

Mtoto alikuwa analia tangu alfajiri, na mtoto anayelia hanyoleki, atakatwa. Bi Fisi akambeba. Akazunguka ua mara kumi. Akaimba kwa sauti iliyokauka, "Nyamaza, mwanangu, nyamaza." Akachuchumaa, akasimama, akachuchumaa. Mama Digidigi anatazama tu. Mwisho kope za mtoto zikashuka. Zikafunguka. Zikashuka tena. Kalala.

Bi Fisi akashusha pumzi polepole. Akakaa polepole. Akanyoosha mkono, akachukua wembe, polepole, hata nzi asisikie. Wembe ukagusa unywele wa kwanza.

Mama Digidigi akawakonyeza wenzake.

Lululululululu!

Vigelegele! Wazazi thelathini kwa mara moja! Na nani awalaumu? Mtoto akinyolewa hupigiwa vigelegele, ndiyo mila.

NG'EE! NG'EE! NG'EE!

Bi Fisi akautupa wembe. "Nyamazeni! Nyamazeni, wapumbavu nyie! Nimembembeleza tangu alfajiri, ndiyo kwanza kalala, mmemwamsha! Nimechoka! Mnasikia? Nimechoka mimi, nimechoka, nimechoka! Mchukueni huyu mtoto!"

Wazazi wote wakamgeukia.

"Mama Kanga," akasema Mama Digidigi, "umesikia nini?"

"Nimesikia amechoka."

"Kasema peke yake chumbani?"

"Kasema mbele yetu sote."

"Na sheria yake inasemaje?"

"Mtoto achukuliwe, akalelewe na mwingine anayejua."

Bi Fisi alipoikumbuka sheria, mtoto yuko kifuani kwa mama yake, ananyonya. Angeweza kumpokonya, nguvu alikuwa nazo. Lakini mikono yake ilikuwa mitupu kwa mara ya kwanza baada ya siku saba. Aliitazama hiyo mikono. Puu! Akaanguka chali. Khorrr! Khorrr!

Mama Kanga akauokota wembe. Akamwinamia Bi Fisi sikioni.

"Amelala," akasema.

Kwaru! Kwaru! Kila mzazi alimpitishia wembe mara moja. Mama Kanga alipitisha mara kumi na mbili, moja kwa kila kifaranga wake, na ile ya mwisho aliipitisha huku analia. Bi Fisi hakuzinduka. Mlezi akipata usingizi halali, huzimia. Ndiyo maana mpaka leo manyoya ya fisi yamekaa kama yamenyolewa na watu wenye hasira, na mchana anajificha.

Wazazi wakaisogeza sufuria ya supu katikati. Mama Ngiri akanywa, akasema, "Mimi hujifungia chooni nikakaa tu, sina haja yoyote." Mwingine akasema, "Mimi wangu nilimsahau kisimani. Nilifika nyumbani ndipo nikahesabu." Mama Digidigi akasema, "Mimi siku ya tano nilimuuliza wangu ataondoka lini." Wakacheka mpaka wakajishika mbavu. Wala hakuna aliyenyang'anywa mtoto.

Hapa ndipo chungu kilipokauka. Aliyeshiba ashukuru, asiyeshiba arambe mwiko.

Na funzo mlishike, maana sitalirudia. Funzo ni kwamba mama wa kweli hachoki. Ulezi ni raha tupu, na anayelalamika hana mapenzi. Supu haimfai mzazi, inamfaa mgeni aliyetoka mbali kuja kumwambia hivyo.

Shangazi, mbona umeacha kutafuna? Hebu lete mikono, nishikie mjukuu wako kidogo. Taratibu. Ndiyo kwanza kalala.

Wenzangu, mko tayari? Mpigieni shangazi vigelegele!