Mtumbwi Uliochemsha Maji

Sogeeni, na msinikatize. Mwisho nitawaachia ninyi.

Zamani meli ya moshi ilipanda mto Tana, gurudumu lake kubwa likiwa nyuma. Ndani walikuwamo mabingwa watatu. Makorani, rubani, aliyasoma maji kwa rangi yake tu. Komora, mkata kuni, hakuwa na haja ya kupiga shoka mara mbili. Dhadho, mchochea moto, alilisikiliza tanuru na kujua lina njaa kiasi gani.

Mwaka huo mafuriko yalisomba mashamba yote ya juu. Watu wa huko walikuwa wakila mizizi, na meli ilikuwa imewabebea mahindi. Lakini kwenye kona ya mwisho kuni zikaisha, na msitu mzima ulikuwa umelowa chapachapa. Meli ikaanza kurudishwa nyuma na mkondo.

Makorani akaona mtumbwi mkavu ukingoni, umevutwa juu, na upondo, ule mti mrefu wa kuusukumia, umechomekwa kando yake. Kila Mpokomo anajua maana ya upondo uliochomekwa: mwenyewe anarudi, usiguse. Makorani aliuona, akaisogeza meli pale pale.

Komora naye aliuona upondo. Akaushika, akautupa majini, kisha akaupasua mtumbwi vipande.

Dhadho alivipokea. Kwenye kipande kimoja palikuwa na alama ya mwenyewe, imechongwa vizuri. Akaingiza hicho kwanza, ili asikitazame.

Gurudumu likazunguka. Meli ikafika, watu wakapika uji, watoto wakanyamaza kulia. Mzee wa kijiji akatoa fahali mmoja. "Wa yule aliyetufikishia chakula."

"Ni wangu," alisema Makorani. "Nani aliuona mtumbwi?"

"Kuuona tu? Mtumbwi mzima unaingia tanuruni?" akacheka Komora. "Mimi ndiye niliyeupasua."

"Na bila moto wangu mngepasua mpaka kesho," akasema Dhadho.

Kesho yake walikuwa bado wakibishana alipofika mwanamke aliyelowa hadi kifuani, aliyeifuata meli kando ya mto. Jina lake Haluwa. Alikuwa amevuka mto kumtafutia mumewe dawa ya homa. Aliporudi ukingoni hakuukuta mtumbwi. Alipopata mtu wa kumvusha, mumewe alikuwa ameshafariki.

"Nani alichukua mtumbwi wangu?" akauliza.

Makorani akasema, "Mama, mimi niliuona tu."

Komora akasema, "Mimi nilikata nilicholetewa."

Dhadho akasema, "Kilinifikia kikiwa kuni tayari."

Kisha kila mmoja akasikia alichokisema, na aibu ikawashika. Dhadho akalia waziwazi. Waliokuwa wakinywa uji wakaweka vibuyu chini.

Mzee akamsogezea Haluwa yule fahali. Akakataa.

"Sitaki mnyama. Mume wangu amezikwa ng'ambo. Nataka mmoja wenu anichongee mtumbwi, na awe mvushaji wangu mpaka nife. Mmoja tu, ili nijue nimtazame nani." Akalichukua shoka la Komora, akaliweka katikati yao.

Mikono mitatu ikanyooka kwa pamoja. Hakuna uliothubutu kuligusa.

Je, wewe ungemkabidhi nani shoka lile? Na ukishajibu, niambie jambo moja zaidi: kibuyu chako cha uji, ungekimaliza?