Mgongo wa Mwero na Mikono ya Bibi Mbodze

Sogeeni huku, moshi unaelekea kule. Sidi, mpishe mdogo wako akae. Haya, paukwa.

"Pakawa."

Ngano ya leo si ya kuchekesha. Mnaitaka hivyo hivyo?

"Tunaitaka, bibi."

Hapo zamani za kale, wanyama waliposema na vyombo vikajibu, paliondokea mkulima akiitwa Mwero. Mwero alikuwa na nguvu. Alilima, akabeba, akabeba, akalima. Jirani yake alikuwa ajuza, Bibi Mbodze, mjane asiye na mtoto. Kazi yake ilikuwa kukanda watu. Aliyetenguka mguu, aliyekakamaa shingo, mama aliyetoka kujifungua, wote walipita mikononi mwake.

Siku moja Bibi Mbodze alikutana njiani na Mwero aliyebeba kikapu cha mihogo begani. Akamgusa mgongoni, akamwambia, "Mwanangu, mwili wako unautumia vibaya. Utakuuma."

Asubuhi yake Mwero akainama kuinua kikapu. Hakuinuka. Maumivu yalimkata kiunoni, akabaki amepinda, mikono magotini, jasho linamtoka. Mkewe, Nyevu, akamshika, wakaingia ndani polepole.

"Ni yule ajuza," Mwero akasema. "Jana kanigusa, leo siinuki. Kaniroga."

"Amekuonya, baba watoto."

"Kaniroga."

Neno likatoka nyumbani likafika kisimani. Likatoka kisimani likafika kwa wazee. Watu wale wale aliowakanda Bibi Mbodze wakamwambia aondoke kijijini. Akakunja mkeka wake, akachukua chungu chake cha mafuta, akavuka bonde peke yake. Nyuma yake wakaibomoa nyumba yake.

"Hakuna aliyemtetea?"

Nyevu alimtetea. Sauti moja, haikutosha.

Basi ajuza akaenda zake, na maumivu yakabaki. Mwero hakupata usingizi, hakuinama, hata kukohoa aliogopa. Akajikokota mpaka zizini kwa punda wake, akaimba. Mimi nitaimba, nyinyi mtaitikia.

Mgongo, mgongo wangu.

"Nani kakuvunja?"

Mgongo, mgongo wangu.

"Nani kakuvunja?"

Punda akainua kichwa. "Mimi ukinipakia, unaweka kikapu kulia na kikapu kushoto. Ukijipakia mwenyewe, unaweka mzigo wote bega moja. Tena unauinua kwa kiuno, magoti hukunji. Nimekuona kila siku."

"Na Bibi Mbodze?"

"Bibi Mbodze hakuwapo."

Mwero hakuridhika. Akajikokota mpaka ghalani, jembe lake limeegemea ukuta.

Mgongo, mgongo wangu.

"Nani kakuvunja?"

Jembe likasema, "Mpini wangu ni mfupi, na wewe ni mrefu. Unainama na mimi jua likichomoza, unainuka likizama. Katikati hujinyooshi hata kidogo. Nyevu akikuita upumzike, unamwambia bado tuta moja."

"Na Bibi Mbodze?"

"Bibi Mbodze hakuwapo."

Mwero akarudi ndani, akasimama mbele ya kitanda chake cha kamba. Safari hii aliimba kwa sauti ndogo.

Mgongo, mgongo wangu.

"Nani kakuvunja?"

"Kamba zangu zimelegea tangu mvua za mwaka jana," kitanda kikasema. "Unalala umezama katikati, kiuno kinaning'inia. Na tangu uumwe hutoki juu yangu, mwili umekauka kama ukuni. Usiulize tena. Bibi Mbodze hakuwapo, na wewe unajua."

Mwero akaketi akalia. Hakulia kwa maumivu, wanangu. Nyevu akamletea fimbo. "Bonde si mbali," akasema. "Nenda."

Akawa akienda akisimama, akienda akisimama. Akamkuta Bibi Mbodze mlangoni pa kibanda cha makuti, anamenya mihogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Akamtazama anavyosimama. "Miguu ina ganzi?"

"Haina."

"Una homa? Mkojo unakutoka bila kujijua?"

"La, bibi."

"Ungeniambia ndiyo, nisingekugusa. Ningekutuma kwa tabibu, upesi. Lala kifudifudi."

"Bibi, mimi ndiye niliyesema..."

"Najua ulichosema. Lala."

Akapasha mafuta ya nazi, akaweka viganja mgongoni pa Mwero. Akapapasa kwanza, kama mtu atafutaye njia gizani. Alipopata fundo, akalikanda taratibu, akaliacha, akalirudia, mpaka likalainika. Siku ile Mwero aliondoka bado anaumwa, ila alivuta pumzi mpaka chini. Akarudi tena na tena. Bibi akamfundisha kuchuchumaa kabla ya kuinua, kugawa mzigo, kukaza kamba za kitanda, kutembea kidogo kila siku. Mwezi ulipoandama upya, Mwero alisimama wima.

"Nikulipe nini, bibi?"

"Mgongo wako nimeukanda. Lile neno siwezi kulikanda mimi. Lifuate wewe lilikofika, ulirudishe."

Mwero akaenda kwa wazee, akasema mbele ya watu wote, "Nilisema uongo. Mgongo wangu niliuumiza mwenyewe." Watu wakainamisha vichwa kwa aibu. Wakaenda kumwita Bibi Mbodze arudi.

"Akarudi?"

Hakurudi, Sidi. Aliwaambia, "Nimewasikia, na nimewasamehe. Lakini nyumba yangu mliibomoa, na hapa nimekwisha kupanda mihogo yangu." Akabaki ng'ambo ya bonde mpaka alipokufa. Kila aliyeumwa alimfuata huko, akishuka bonde na kupanda, mkono kiunoni, na hakuna aliyerudishwa bila kukandwa. Mwero ndiye aliyekuwa akimchotea maji.

Wanangu, mwili ukiuma, uulize kwanza umeutendaje, kisha mtafute ajuaye akushike. Usimtafute wa kumlaumu. Maumivu yakikandwa hupoa. Jina la mtu likivunjwa, hata likiungwa, halirudi kama lilivyokuwa.

Ngano yangu imekomea hapo. Sidi, sukuma kuni ndani, tukae kidogo.