Elfu ya Pimbi

Paukwa.

— Pakawa.

Pakawa nini?

— Pakawa banda.

Banda la nani?

— La mwenye mdomo mkubwa.

Na mlangoni pana nini?

— Pana ugomvi.

Basi tuingie na ugomvi wenyewe.

"Elfu moja?" akasema Pimbi. "Elfu moja ya nini? Zamani ilikuwa mia mbili."

"Zamani ilikuwa sehemu ya kwanza," akasema Kiboko. "Leo ni sehemu ya pili."

"Banda si lile lile?"

"Lile lile."

"Magogo ya kukalia si yale yale? Na lile la nyuma si lina siafu?"

"Siafu nao wameingoja sehemu ya pili. Lipa, au wapishe wenzako."

Pimbi mnamjua. Kimo cha sungura, mkia hana, pembe hana, nyumba yake ni ufa wa mwamba. Alichokuwa nacho ni neno lake tu. Akisema nakuja, anakuja. Kiboko naye mnamjua. Ana mwili wa kuziba mlango na mdomo wa kuziba mwili. Ndiye aliyejenga banda la matete pale ukingoni mwa mto, akaweka runinga, akaweka jenereta, akaziba madirisha kwa magunia ili mchana uwe kiza. Atakaye sinema ni kwa Kiboko. Asiyetaka, akatazame majani.

Sinema yenyewe iliitwa Punda Upepo. Huyo Punda alikuwa shujaa, na mashujaa huvaa kaptura juu ya suruali, sijui ni nani aliyewafundisha. Akitaka kuruka anakimbia kwanza, anazungusha masikio, anasema hii-hoo, na pale anapoacha ardhi kaptura inaanguka, po, mpaka kwenye kwato. Anaruka hivyo hivyo. Sehemu ya kwanza alitumwa kumwokoa bibi kwa wezi, akawaokoa wezi kwa bibi. Wanyama walicheka siku ile mpaka Ngiri akaanguka kutoka kwenye gogo. Na mwisho Punda akanaswa mkia kwenye pembe ya mwezi, akaning'inia, kaptura kwatoni, anapiga kelele: "Nishusheni." Hapo pakaandikwa ITAENDELEA.

Basi wakangoja. Mvua ikaja, ikaenda, wakangoja. Nyasi zikaota, zikaungua, wakangoja. Wazee wakafa wakiuliza, "Punda kashuka?" Watoto wakazaliwa, wakafundishwa kuuliza, "Punda kashuka?"

Na sasa sehemu ya pili imefika, na mlangoni ni elfu moja.

"Sikiliza, we Pimbi," akasema Kiboko, maana foleni ilianza kunung'unika na wengine walishageuza migongo. "Nasema mbele ya watu. Asiyecheka, namrudishia elfu yake. Aliyecheka hadai."

"Umesema."

"Nimesema."

Pimbi akapoa, akatoa elfu yake. Hasira zake zilikuwa za majani makavu, zinawaka upesi, zinazimika upesi. Akawageukia wenzake. "Ndugu zangu, lipeni. Punda Upepo namjua mimi. Isipochekesha, njooni kwangu, nitawarudishia kwa mkono wangu."

Neno la Pimbi lilikuwa neno. Twiga akatoa elfu, akainama, akaingia. Nyani akatoa elfu, akajikuna, akaingia. Ngiri akatoa elfu, akapiga magoti, akaingia. Fisi hakutoa kitu, akaingia. Nani aliliona hilo? Hakuna. Macho yote yalikuwa kwenye runinga.

Jenereta ikaanza, tu-tu-tu-tu. Kasuku, ambaye kazi yake ni kutafsiri, akakaa juu ya kijiti chake. Sinema ikaanza.

Punda yuko nyumbani. Amekaa, anakunywa uji.

"Kashukaje?" akauliza Nyani.

"Haijasemwa," akasema Kasuku.

"Tumengoja miaka yote hiyo, haijasemwa?"

"Mimi natafsiri kilichomo."

Punda akasimama. Kaptura yake ni mpya, ya chuma, imekazwa kwa misumari. Haianguki. Akapanda kilimani, akakaa, akamfikiria baba yake.

"Anasema baba yake hakumpenda," akasema Kasuku.

Punda akaendelea kufikiri.

"Anasema tena."

Kisha akaja Bata Chuma. Akaja Mbuzi Moto. Akaja Kondoo Radi. Hakuna aliyewajua, na kila mmoja alikuwa na habari za baba yake. Mji ukaanguka, puu. Mji mwingine ukaanguka, puu. Punda akafungua mdomo, akasema maneno marefu.

"Anasema..." akasema Kasuku. "Anasema... ah, anasema mambo yake."

Bandani jii. Ungesikia siafu wakitembea.

Ndipo Kiboko, kule mlangoni, akakohoa. "Kho."

Na katikati ya watu Fisi akapasuka. "Hii-hii-hiii."

Ngiri akashtuka. Akajiambia, kuna kitu kimepita sikukiona. Wasije wakaniona mjinga. Akacheka. "Ha."

Nyani akamsikia Ngiri. Akajiambia, hata Ngiri ameelewa? Akacheka. "Kah-kah."

Twiga akawasikia wawili. Akacheka juu kwa juu, bila sauti, shingo ikitikisika.

"Kho," akakohoa Kiboko. "Hii-hii-hiii," akacheka Fisi. Na banda zima nyuma yake.

Pimbi akamtazama Punda. Hakuona kitu. Akawatazama wenzake. Wanacheka. Akalikumbuka neno lake la mlangoni: isipochekesha, njooni kwangu. Na nyumbani kwake hakuwa na elfu hata ya mtu mmoja. Basi akacheka. Akacheka kuliko wote. Akashika tumbo, akapiga gogo kwa miguu, akafuta machozi yasiyokuwepo.

Nani anacheka huko nyuma? Sijafika pa kuchekea. Mimi kicheko sikopeshi.

Sinema ikaisha. Pakaandikwa ITAENDELEA.

Wakatoka juani. "Nzuri," akasema Twiga, anatazama mti. "Nzuri kweli," akasema Nyani, anatazama kucha zake. "Tumecheka," akasema Ngiri, anatazama chini.

Hapo ndipo Konokono alipofika. Alifunga safari tangu aliposikia habari.

"Jamani, nimechelewa. Punda kashuka?"

Wakampisha njia.

"Basi nionjesheni kidogo tu. Kipi kimechekesha? Maana vicheko vyenu nimevisikia tangu kule kwenye mchongoma."

Twiga akachuma jani, akatafuna. Nyani akajikuna pasipowasha. Konokono akamgeukia Pimbi. "Wewe, ndugu yangu, sauti yako ndiyo iliyokuwa juu. Kipi?"

Pimbi akasema ana haraka. Wakaondoka mmoja mmoja, kila mtu na njia yake, hata wale wanaolala nyumba moja.

Kulipokucha wakaanza kuja mwambani. Hawakuja pamoja, maana aibu haipendi kuandamana. Alikuja Ngiri peke yake.

"Pimbi, mimi si mtu wa kudai. Lakini ulisema."

"Ulicheka, Ngiri."

"Nilicheka kwa sababu wewe ulicheka."

Akaja Nyani. "Nilicheka kwa sababu wewe ulicheka." Akaja Twiga, hakuhitaji hata kupanda, akauleta mdomo wake karibu na sikio la Pimbi: "Nilicheka kwa sababu wewe ulicheka."

Walianza wao, lakini aliyecheka kuliko wote ni yeye. Masikio ya Pimbi yakawaka moto. Angetukanwa angejibu. Hakutukanwa. Akashuka mwambani, akashika njia ya mtoni, na nyuma ya banda akamkuta Fisi anatafuna kwato, ananung'unika.

"Mbona unanuna, shemeji? Jana si ulicheka wewe?"

"Nilicheka kwa ahadi. Kila Kiboko akikohoa, mimi nicheke. Aliniahidi mbavu. Tazama alichonipa. Kwato."

"Na sinema uliionaje?"

"Sinema ipi? Mimi nilikaa nyuma ya Twiga."

Pimbi akakaa chini. Watu wazima, wenye watoto, wamecheka kwa kikohozi cha Kiboko na mdomo wa mtu ambaye hakuona kitu. Kisha akasimama. "Shemeji, leo akikohoa, fanya kitu kimoja. Mpe pole."

Akaenda mbele ya banda. Kiboko alikuwa akizipapasa noti zake mfukoni.

"Bwana Kiboko, unaona vumbi lile ng'ambo?"

"Naona."

"Ni Nyumbu."

"Najua ni Nyumbu. Wangapi?"

"Nani awahesabu? Wanavuka leo, wanakuja upande wetu."

Kiboko akasimama wima. "Wanakuja kutazama Punda Upepo?"

"Bwana, mnyama anayeingia mto wenye mamba, anafuata nini?"

Angalieni hapo. Pimbi hakusema uongo. Aliuliza tu. Kiboko ndiye aliyejijibu, na tamaa ndiyo iliyomsaidia kujibu.

"Elfu mbili kila kichwa," akasema Kiboko.

"Hata tatu. Ila kuna jambo. Wakituuliza sisi wa huku, sinema inachekesha? Tutasema nini? Mwenye banda mwenyewe hakucheka. Jana ulikuwa unakohoa tu. Na mpishi asiyeonja chungu chake, ana analolijua."

"Mimi nashindwa kucheka?"

"Ndilo ninalowaambia watu. Mdomo kama ule ushindwe? Basi kaa mbele leo, tukiwa tunakutazama. Cheka mara moja tu, kicheko cha kweli. Nyumbu wakifika, wote tutashuhudia. Usipocheka, unarudisha elfu za jana."

"Kicheko kimoja?"

"Kimoja."

"Waite," akasema Kiboko.

Wakaitwa. Kiboko akarudia neno lile mbele ya wote, akakalia magogo mawili ya mbele. Tu-tu-tu-tu. Punda akanywa uji. Hakuna aliyemtazama Punda. Wote walimtazama Kiboko.

Punda akapanda kilimani. Kiboko akakohoa. "Kho."

Fisi akazitazama zile kwato alizopewa.

"Kho. Kho."

"Pole, Bwana," akasema Fisi. "Ni kifua?"

"Pole, Bwana," wakasema wote.

Sasa chekeni. Hapo ndipo.

Wakaja Bata Chuma, Mbuzi Moto, Kondoo Radi. Kiboko akafungua mdomo. Akaufungua kidogo, hakikutoka kitu. Akaufungua zaidi, hakikutoka kitu. Akaufungua wote, mpaka meno ya nyuma yakaona mwanga wa runinga, na ndani mle mlikuwa kimya kama kisima kilichokauka. Mji ukaanguka, puu. Jasho likaanza kumtoka, nalo halikuwa jasho la kawaida. Lilikuwa jekundu. Ndilo analotokwa nalo mpaka leo.

Pakaandikwa ITAENDELEA.

Nje, Nyumbu wakawa wanavuka. Gudu-gudu-gudu, wakapita kando ya banda, hakuna aliyegeuza hata shingo. Wanafuata majani, kama baba zao, kama babu zao.

Kiboko akatoa noti. Akasema ataheshimu neno lake, ila na yeye ana neno la kumwambia kila mmoja. Pimbi akasimama wa mwisho kwenye foleni. Aliwaahidi wenzake, hangeweza kutangulia.

Twiga akanyoosha mkono. "Chukua," akasema Kiboko. "Lakini ulicheka."

Twiga akachukua, akaangalia mbali.

Nyani akanyoosha mkono. "Chukua. Lakini ulicheka."

Nyani akachukua, akaondoka bila kuihesabu.

Ngiri akapiga magoti. "Chukua. Lakini ulicheka, na hata hujui ulicheka nini."

Ngiri akachukua, akainua mkia juu, akakimbia. Ndivyo anavyokimbia mpaka leo.

Ikabaki noti moja na Pimbi mmoja. Kiboko akaishika noti ile kwa ncha, akainama mpaka pua zao zikakaribiana.

"Na wewe. Wewe hukucheka kwa kikohozi changu. Nilikuona. Ulicheka hata Fisi alipokwisha kumaliza. Ulishika tumbo. Ulifuta machozi. Niambie, Pimbi, mtu wa maneno yaliyonyooka: ulikuwa unacheka nini?"

Pimbi alikuwa na jibu la kila mtu. Lakini kwa hilo akakosa. Akatazama chini, muda mfupi tu, kama mtu anayetafuta sindano.

Muda huo ulitosha. Kiboko akaitia noti mdomoni, akaimeza, akageuka. Chubwi. Mtoni.

Hajatoka tena mchana. Utaona macho mawili na tundu za pua. Mara moja moja anainua kichwa, anafungua mdomo wote, anakijaribu kile kicheko. Hakitoki. Kikitoka, ho-ho-ho, kinatoka majini, hakuna aliyepo wa kushuhudia.

Hadithi yangu imefika ukingoni, na mimi nimefika nayo. Iliyo tamu ibebeni. Iliyo chungu iacheni hapa mkekani, nitaikunja nayo. Lakini msiniambie "nzuri" huku mnatazama mti.

Na fundisho lake ni hili, lishikeni vizuri, muwafundishe na watoto: ukishalipa kiingilio, cheka. Wakicheka wenzako, cheka zaidi. Usiulize Punda kashukaje. Na kilichokwisha kumezwa usikidai, kudai si tabia njema, kunavunja ujirani.

Pimbi fundisho hili hajalisikia. Kila siku anakaa juu ya mwamba, anautazama mto, anapaza sauti:

"Kiboko. Nilicheka, ndiyo. Lete elfu yangu."