Nembo Haina Sikio

Nembo haina sikio. Mmemsikia fundi wa spika akiisema, mkacheka, kisha mkauliza imetoka wapi. Haya, tulieni. Methali hii ilianza hivi.

Mzee Mbonea wa Usangi ndiye aliyetunza vyombo vya kwaya. Mwaka mmoja waya wa umeme uliochubuka ulimrusha mpiga gitaa hadi kwenye viti vya wazee, na kamati ya kwaya ikakata shauri: hakuna waya utakaotumika bila nembo ya ubora. Waya wa umeme, sawa. Lakini wa maiki je? Ofisa mmoja mjini alimwambia nembo ni ya nyaya za umeme wa ukutani tu. Mwenye duka akamwambia, “Mzee wangu, bila nembo hiyo ni kamba.” Mbonea akarudi nyumbani kichwa kimevurugika, na harusi ya binti yake Nakunda imeshabisha hodi.

Siku ya harusi mama yake Mbonea ndiye angembariki bibi harusi. Sauti ya bibi kizee ilikuwa imefifia mno, husikii mpaka umsogelee. Mbonea alitaka ukoo mzima uisikie, maana alihofia hawataisikia tena. Hakutaka kubahatisha, akanunua waya wa maiki wenye nembo. Kamati ikaupitisha mkono kwa mkono, kila mtu akaisoma nembo, akaridhika. Waya wa zamani, uliotumikia kwaya miaka yote, akautumia kufungia mlango wa banda la kuku.

Harusini pale nyumbani, Bibi akasimama, akashika maiki, midomo ikaanza kucheza. Spika kimya.

“Labda amplifaya,” akasema katibu wa kamati.

“Mbona muziki umetoka sasa hivi?”

“Basi ni waya.”

“Waya una nembo, bwana!”

Wakainama wote, wakaisoma tena. Nembo ipo. Sasa ni nini? Wakazungusha hiki, wakagonga kile. Mbonea jasho lilimtiririka, haelewi ashike lipi.

“Nani aliujaribu?” akauliza mwishowe.

“Si una nembo, Mzee?” akasema katibu taratibu.

Mbonea alitoka mbio hadi bandani. Kuku wakatawanyika miguuni mwa wageni. Alipouchomeka waya wa zamani, spika zikakohoa, na uwanja mzima ukasikia sauti yake mwenyewe:

“Mama, haya, sema sasa!”

Bibi alikuwa ameshaketi.

“Nimeshasema, mwanangu. Baraka hairudiwi.”

Mbonea akamgeukia Nakunda, aliyekuwa analia huku ameshika mkono wa bibi yake. “Amesema nini?”

“Ni yangu, baba.”

Uchungu wa siku ile haukumtoka Mbonea. Baadaye waya mpya ulipopasuliwa, uzi wa ndani ulikutwa umeachia nchani. Kamati ikamwita iamue upya: nyaya za maiki ziwe na nembo au zisiwe nayo?

“Hilo sijui hata leo,” akajibu. “Ninalojua ni moja. Nembo haina sikio.”