Sari Iliyogandishwa kwa Uji

Wanaosinzia waamsheni, maana hii sitairudia.

Huko kwa Watamili, kusini mwa India, palikuwa na mfumaji wa sari za harusi. Fundi kwelikweli, na mwenyewe alijijua. Sari yake ilikuwa na mwili mwekundu na pindo la kijani, na ugumu wa kazi ile upo pale rangi mbili zinapokutana. Hapo hafumi mtu mmoja. Mmoja anarusha uzi mwekundu kutoka huku, mwenzake anarusha wa kijani kutoka kule, nyuzi zinashikana kama vidole vya wapenzi. Mwenzake alikuwa mdogo wake.

Sasa si wakagombana? Kisa nini? Nani aitwe fundi mkuu! Wanakwaya mnacheka nini, kwani ninyi kile kipaza sauti hamkigombei?

Mdogo mtu akaondoka. Harusi ya mteja imekaribia, fundi yuko peke yake, na kuomba radhi hataki. Akafuma mwili kivyake, akafuma pindo kivyake, akaviunganisha kwa uji mzito wa mchele, ule wanaokazia nyuzi. Akapiga pasi. Wee! Hata wewe unayejifanya unajua vitambaa ungenunua.

Ila kuna desturi. Mashangazi wa bibi harusi wakija kuchukua sari, mmoja anashika pindo, mwingine anashika mwili, wanavuta mpaka mikono itetemeke. Fundi alipowaona wanajiweka sawa, akawahi kuweka kiganja juu ya sari.

"Shangazi zangu," akasema, meno yote nje, jasho linamtiririka mgongoni, "baba yangu ndiye aliyewafumia ninyi. Leo mnakuja kunipima mimi kama mwizi?"

"Mwone huyu, ameshavimba!" shangazi mkubwa akacheka. "Haya dada, achia. Tusimkosee fundi wetu."

Wakaikunja, wakaenda zao. Fundi akamshukuru Mungu. Alishukuru kabisa, mikono juu! Hivi wewe hujawahi kushukuru kwa jambo la namna hiyo?

Siku ya harusi akapewa kiti cha heshima, karibu na ule moto ambao maharusi wanauzunguka. Joto kali. Bibi harusi jasho linamtoka. Na uji uliokauka ukipata maji, jamani, unakuwa nini? Si unarudi kuwa uji? Fundi akaona mstari mweupe pale rangi zinapokutana. Ukaachama kidogo. Ukaachama tena. Pindo likaanza kuning'inia, likaburuzika chini, na kila mara bibi harusi alipopita lilikaribia makaa. Fundi akainuka nusu, akakaa tena. Akisema, jina lake limekwisha. Asiposema je?

Mdogo wake, naye mwalikwa, alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Akainama sikioni.

"Kaka, pale nyuzi hazijashikana. Umeweka nini?"

"Nyamaza."

"Kaka, yule mtoto wa watu ataungua!"

Cheche ikaruka, ikatua kwenye pindo. Moshi mwembamba ukapanda. Ndipo fundi akapiga ukelele, sauti hata hakuijua kama ni yake: "Binti, simama hapo hapo! Usisogee! Nimegandisha kwa uji!"

Ngoma zikanyamaza. Shangazi mkubwa akaja, akashika pindo kwa vidole viwili tu, akavuta. Likatoka lote, kama ganda la ndizi. Cheche akaizima kwa kiganja. Wala hakutukana. Angetukana ingekuwa nafuu. Akamtazama, akasema polepole: "Mwanangu, mikono hii tulikuja nayo mpaka nyumbani kwako. Kwa nini ulituomba tusivute?"

Ndugu zangu, fundi huyo ni sisi. Mke akituuliza tulikuwa wapi, tunavimba. Mzee wa kanisa akituuliza, tunahama kanisa. Tukinusurika kuulizwa, tunasimama hapa mbele kutoa ushuhuda! Bwana akikushika huku na huku akavuta, unalia kwamba unaonewa. Acha avute, wewe! Kama kuna uji, uonekane wewe ungali nyumbani, mdogo wako yuko jirani, na nyuzi bado zipo.

Usiiogope mikono inayovuta. Iogope siku itakapoikunja sari yako taratibu, ikasema, "Haya, achia." Kwa sababu moto haujaondoka. Uko kule mbele, na kiti chako cha heshima kimeshawekwa.